Prosesa ya Bei Chee na Baridi ya Makambako

Benchi letu ni gogo la paina lililochanwa katikati, na limeegemea ukuta wa bati wa chumba cha intaneti cha Safina, karibu na pale barabara ya Songea inapoiacha ile ya Mbeya. Mwezi wa sita baridi ya Makambako haina adabu, inaingia ndani ya koti bila hodi na kutoka haitaki. Ndiyo maana tunakaa na jiko la mkaa miguuni, birika la Mzee Hassani juu yake, na migongo yetu ukutani. Mzee Hassani ndiye mwenye kahawa, na anajiona ndiye mwenye mji. Halfan tunamwita Gia Tano kwa sababu aliendesha malori mpaka akastaafu, na kila jambo la dunia hii analipima kwa injini. Laurenti ni Sakristani, mkulima wa viazi aliyehamia huku kutoka Yakobi, ambaye hata akiagiza kashata anaongea kama anasoma somo la Jumapili. Dulla ni Spidi, fundi kompyuta, kijana anayejipenda. Na mimi ni Bobini, fundi cherehani wa baraza la jirani, ninayekunywa kahawa nyingi kuliko ninavyoshona.

Asubuhi ninayoisimulia, Safina alitoka ndani kwake na kanga mbili juu ya sweta, akasimama mbele yetu, akakaa kimya. Safina kunyamaza si jambo la kawaida. Ni Mdigo wa Muheza, aliletwa huku na kaka yake mfanyabiashara, na kwa kawaida tunamsikia kabla hatujamwona.

Mzee Hassani: Imegoma tena?

Safina: Imegoma tena, mzee. Saa ileile ya kila siku. Alfajiri inakimbia, nyie mkishakaa tu mkachangamka, kioo kinatulia tuli. Mshale hauendi, herufi haziandikiki.

Gia Tano: Leo si zamu yetu ya mgao?

Safina: Umeme upo, baba. Taa inawaka, feni inazunguka. Kompyuta ndiyo haitaki.

Sakristani: Na leo ndiyo leo.

Safina: Leo ndiyo leo.

Inabidi nieleze hapo, maana wengi waliopita barabarani walidhani Safina anauza muda wa intaneti tu. Alikuwa na blogu. Kila asubuhi alizunguka sokoni na kwa madalali wa mazao, akauliza bei ya viazi, mahindi, maharage na mbao, akarudi akaandika. Aliongeza na habari mbili tatu za mji, nani kafungua duka, barabara ya Njombe ina ukungu kiasi gani. Aliandika vizuri sana, ila aliyesoma ni yeye mwenyewe na Dulla, na Dulla alikuwa anaangalia kasi ya ukurasa kufunguka.

Kisha kukatokea watu wa Dar waliokuwa na ukurasa mkubwa wa kukusanya habari za mikoani. Mara ya kwanza Safina alipotueleza jambo hilo hatukumwelewa, mpaka akatumia mfano wa maziwa.

Safina: Mnalijua gari la maziwa, lile linalopita vijijini asubuhi? Kila mtu anaweka kopo lake kando ya barabara. Gari halimuulizi mtu jina. Linapita, linabeba, linapeleka yote mahali pamoja, na watu wa mjini wanakunywa. Sasa hawa wa Dar wana mtambo wao wa namna hiyo. Saa sita mchana unapita kwenye blogu zote walizozikubali, unachukua vichwa vya habari, unaviweka kwenye ukurasa wao. Msomaji akibonyeza, anakuja kwangu.

Gia Tano: Na wewe si ulikubaliwa?

Safina: Kwa majaribio. Gari likipita likikuta kopo tupu, tena tupu, tena tupu, kesho yake unadhani litasimama? Wameniandikia. Leo saa sita wakinikuta sina bei za leo, wananitoa.

Na akitolewa, kila mmoja wetu alijua kinachofuata. Kaka yake alikuwa amechoka kulipia chumba kisichomletea kitu. Alikuwa na shehena ya vitunguu inayokuja na lori jioni hiyo, na alikuwa amesema wazi: Dar wakimchukua Safina, chumba ni chake, wakimwacha, chumba ni stoo, na Safina atarudi Muheza kwa mjomba kusubiri kuolewa.

Safina: Naogopa, Mzee Hassani. Sijawahi kuwa na kitu kinachoitwa changu. Hiki nilikuwa nimeanza kukizoea.

Mzee Hassani alimmiminia kahawa, na yeye si mtu wa kumimina bure.

Macho yote yakamgeukia Dulla. Maana kompyuta ile aliiunda yeye kwa vipande, na kila mtu mjini alikuwa amesikia sifa zake, wengine zaidi ya walivyotaka.

Dulla: Msinitazame hivyo. Mashine ile haina kosa.

Gia Tano: Spidi, tueleze upya. Kwa Kiswahili cha lori.

Dulla: Haya. Ndani ya kompyuta kuna prosesa. Ndiyo inayofikiri. Ndani yake kuna mapigo, kama moyo, kama saa. Mapigo yakiwa ya haraka, kazi inakwenda haraka. Kiwandani wanaiandika namba: wewe piga hivi, usizidi. Sasa za namba kubwa zinauzwa ghali, wanazimudu wenye ofisi zenye mazulia. Za namba ndogo ndizo za akina sisi.

Sakristani: Tajiri na Lazaro.

Dulla: Lakini siri ni hii, mzee. Zote zinazaliwa tumbo moja. Wanazipima, zilizofaulu sana wanazipa namba kubwa. Sasa kuna siku soko linataka za bei chee nyingi, wanafanyaje? Wanachukua hata zenye akili, wanaziandika namba ndogo. Mimi niliipata mojawapo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaipandisha. Inaitwa ovakloki. Ni prosesa ya maskini inayokimbia na za matajiri.

Gia Tano: Si walituambia soko huria. Kila mtu apandishe anachoweza.

Dulla: Na Dar huwezi kuipandisha kiasi kile. Ikikimbia inapata joto, na joto ndilo adui. Dar itakaangika. Ila huku, wazee wangu, Mungu ametupa friji la bure. Mimi nimeitumia baridi yenu. Nimeliweka kasha la kompyuta limegusana na bati la ukuta, bati baridi kama maji ya mtoni. Makambako kuna utajiri mnaukalia hamuujui.

Tulivimba kidogo. Hatujazoea kusifiwa kwa baridi.

Gia Tano: Mimi nimeshaelewa ugonjwa. Hiyo ni injini ndogo umeifunga turbo. Tambarare inakwenda, mnaimba. Ukifika mlima wa Kitonga na mzigo, inatoa moshi.

Safina: Sasa mzigo upo wapi, baba? Hata wasomaji sina.

Gia Tano: Ndiyo hapo. Gari tupu nalo linayumba. Halina uzito wa kulishika barabarani.

Safina: Juzi ulisema limezidiwa.

Gia Tano: Juzi lilizidiwa, leo linayumba. Mimi nimeendesha miaka mingi, usinibishie.

Mzee Hassani: Ni umeme. Umeme una tabia. Asubuhi viwanda vya chai vya kule Njombe vinawashwa. Umeme ukifika pale njia panda unajiuliza, niende kwenye chai au niende kwa Safina? Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?

Gia Tano: Kwenye chai.

Mzee Hassani: Basi.

Sakristani: Nyie mnazunguka tu. Aliyeitengeneza ameiandika kipimo chake. Wewe kijana umefuta, umeandika chako. Mimi niliwahi kuvipa viazi vyangu mbolea kupita kiasi, nikitaka niwaonyeshe majirani. Vikatoka vikubwa, kila kimoja kama kichwa cha mtoto. Nikakata cha kwanza, ndani kuna shimo. Cha pili, shimo. Nilichimba shamba zima la mashimo.

Mimi nami nikaona nisibaki nyuma. Nikawaambia kwamba cherehani ukiikanyaga kuliko uzi unavyoweza kufuata, uzi unakatika, lakini sindano inaendelea kupanda na kushuka kana kwamba inashona. Nilidhani nimesema jambo zito.

Gia Tano: Bobini, suruali yangu ndiyo uliyoishona hivyo?

Wakacheka, hata Safina kidogo, kisha akakumbuka na akaacha.

Safina: Kaka Dulla, nakuomba. Ishushe. Irudishe namba yake ya kiwandani, leo tu. Niandike nimalize.

Dulla akanyoosha mikono juu ya jiko, akaisugua, akatazama mbali upande wa stesheni ya reli.

Dulla: Dada Safina, niombe kitu kingine. Nikiishusha, inatembea kama kobe. Nusu saa kufungua ukurasa mmoja, na hao wateja wako watatu wa humo ndani vioo vyao vimeungwa na hiyohiyo. Halafu mji mzima nimeuambia Dulla kaweza. Nikishusha nitauambia nini?

Sakristani: Utauambia umenyenyekea.

Dulla: Wewe mzee una shamba lingine la kwenda. Mimi jina langu ndilo shamba.

Nilikasirika, sitaficha. Msichana anapoteza chumba, na huyu anatuletea habari za jina lake. Nikamwambia akiwa mwanamume aingie ndani aiangalie tena, na aingie na bisibisi, asiingie na maneno. Aliinuka kwa uvivu, akaingia, tukasikia kompyuta ikilia ile sauti yake ya kuamka. Tukasikia Safina akiandika, vidole vinadunda kama mvua ya mwanzo kwenye bati. Gia Tano akanyanyua kidole tunyamaze. Vidole vikadunda, vikadunda, vikaacha.

Safina (kutoka ndani): Imegoma.

Dulla akatoka, akakaa, akarudisha mikono yake juu ya jiko. Jua lilikuwa limeshapanda nyuma ya ukungu, tunalijua lipo ila hatulioni. Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha barabara na kuingia porini.

Dulla: Sasa nitawaambia ninachokijua. Hawa wanaouza prosesa za ghali si wajinga. Wana mtambo. Wakiona ya bei chee mahali inakimbia sawa na zao, wanaipigia breki kwa mbali.

Gia Tano: Kwa mbali wapi?

Dulla: Ughaibuni.

Gia Tano: Na wamejuaje kama kuna Makambako?

Dulla: Wamesoma blogu ya Safina.

Safina alitoa kichwa mlangoni.

Safina: Kumbe nina wasomaji.

Mzee Hassani: Si breki. Ni ukungu. Habari zake zikitoka hapa zinapanda hewani, si ndiyo? Zinakutana na ukungu wa mwezi wa sita. Zinalowa. Zikilowa zinakuwa nzito, zinarudi chini, zinaiangukia kompyuta ileile iliyozituma. Wewe ukiangukiwa na gunia la viazi lililolowa utaandika?

Gia Tano: Hapo umesema, mzee. Halafu lile gari la maziwa la Dar. Nani aliyewahi kuliona? Mimi najua magari. Gari linalobeba bila kusimama linabeba kwa nguvu. Linapita mara moja kuja kuchukua, na kila likichukua linachukua na pumzi ya mashine. Ikifika asubuhi mashine haina pumzi.

Safina: Baba, halijawahi kuchukua kitu kwangu. Ndiyo shida yangu.

Gia Tano: Basi limechukua pumzi likaacha habari.

Sakristani alikuwa amefumba macho. Tukadhani anasinzia au anaomba.

Sakristani: Dulla, umesema ndani kuna saa.

Dulla: Kuna kitu kama saa.

Sakristani: Na wewe umeikimbiza.

Dulla: Ndiyo.

Sakristani: Kwa muda gani sasa?

Dulla: Tangu mwezi wa tatu.

Sakristani: Basi haijagoma. Imekimbia tangu mwezi wa tatu, imetupita. Imefika kesho. Imekaa pale inatusubiri.

Gia Tano alivua kofia, akajikuna kichwani palipo na nywele chache, akaivaa tena. Mzee Hassani alimimina kahawa pembeni ya kikombe. Lilikuwa jambo la kijinga kabisa, na kwa dakika nzima kila mmoja wetu aliliamini.

Hapo akatokea mama mmoja, mnene wa afya, sweta la sufu alilolifuma mwenyewe, kikapu mkononi na kifurushi cha dawa. Alisema anaitwa Paskalina, anarudi kwao Tandala, basi la Makete limechelewa, na kijana wa tiketi amemwambia akae mahali penye moto.

Paskalina: Kamwene, wazee.

Sakristani: Kamwene, mama. Karibu. Sogeeni, mama akae.

Paskalina: Mnasema hii ni baridi? Njooni kwetu Makete mwezi huu. Maji ya kuku asubuhi unayavunja kwa jiwe.

Gia Tano: Mama, usitutishe, tuna msiba.

Paskalina: Pole. Nani kafa?

Gia Tano: Kompyuta.

Tukamweleza. Kila mmoja alieleza lake, wote kwa pamoja: lori, umeme wa chai, ukungu, breki za ughaibuni, kesho. Mama yule alitikisa kichwa kwa adabu kama anavyofanya mtu aliyekaa na wageni wa mume wake. Kisha akageuka atafute pa kuegemea. Mahali palipokuwa wazi palikuwa katikati ya benchi, nyuma ya jiko, na pale ukutani lilining'inia koti la Gia Tano. Kila asubuhi alilitundika palepale kwenye msumari ili ukungu ulioingia njiani ukauke kwa moto. Ni koti zito la safari za lori, lenye mifuko mingi na harufu ya dizeli.

Paskalina: Baba, nilisogeze koti lako? Linatoa mvuke usoni kwangu.

Gia Tano: Sogeza tu, mama.

Akalitoa msumarini, akalishika mkononi, akabaki ametazama ukuta.

Paskalina: Na hili tundu je? Ni la nini?

Pale palipokuwa na koti kulikuwa na tundu la mviringo, ukubwa wa kisosi, limezibwa na wavu wa chuma. Chini yake, mkono mmoja tu chini yake, birika lilikuwa linachemka na mkaa umewaka mwekundu. Hewa juu ya mkaa ilikuwa inacheza. Na nilipoinama niliona majivu mepesi yakipanda, yakifika kwenye wavu, yakinyonywa ndani moja baada ya jingine.

Dulla alisimama polepole.

Paskalina: Nimeuliza vibaya?

Dulla: Hapana, mama. Hilo tundu ni langu. Nililikata mimi, mwezi wa tatu. Feni ya kompyuta inavutia hewa hapo. Hewa ya baridi.

Paskalina: Ya baridi.

Dulla: Ndiyo.

Mama akalitazama jiko, akamtazama yeye. Aliyelikata tundu lile alikuwa ameota moto chini yake kila asubuhi tangu baridi ianze, tena kwa kunyoosha mikono yote miwili, huku akitueleza kwamba joto ndilo adui.

Paskalina: Na jiko, nani alilileta hapa ukutani?

Hilo ndilo swali lililotushinda. Tulikuwa tumejibu ya umeme, ya mbinguni na ya kesho, yote bila kufikiri. Hili halikupata wa kulijibu. Mzee Hassani akasema yeye huliwasha kando ya barabara, kwenye upepo, mkaa ushike. Ni kweli, tunamwona kila siku. Kwa hiyo kila siku jiko lilianza barabarani na kila siku lilifika ukutani, na halina miguu ya kutembea. Nilimtazama Gia Tano, naye akaangalia viatu vyake. Sakristani alisafisha koo kana kwamba anataka kutangaza ndoa, akaghairi. Mimi niliona ni wakati mzuri wa kukagua kifungo cha shati langu.

Safina alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Safina: Ina maana ni nyie.

Mzee Hassani: Mwanangu, si kwa makusudi.

Safina: Nimelia usiku kucha kwa ajili ya migongo yenu?

Alisema kwa sauti ndogo, na mimi nilitamani angepiga kelele. Watu wazima watano, kila mmoja na elimu yake, na hakuna aliyemtazama machoni.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mzee Hassani alinyanyua birika. Gia Tano na mimi tulishika jiko kwa vitambaa, tukalipeleka kando ya mtaro, upande wa upepo. Dulla alikimbilia ndani, akazima, akafungua kasha, akapuliza majivu, akafuta, tukamsikia akiiomba radhi kompyuta kwa sauti ya chini. Sakristani alichukua kofia yake akaanza kulipepea tundu, akidhani anasaidia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkataza. Benchi nalo tulilibeba. Paskalina alisimama na koti la Gia Tano mikononi, na kwa muda huo wote hatukukumbuka kumpa kahawa.

Ndani kompyuta ikalia sauti ya kuamka.

Safina: Saa ngapi?

Gia Tano: Andika, usiulize saa.

Vidole vikaanza. Sisi tulikuwa tumepanga foleni nje ya mlango kama wagonjwa. Vikadunda, vikaacha, tukashikana mikono. Kumbe alikuwa anakumbuka bei ya maharage. Sakristani akamtajia kwa sauti kutoka nje, yeye aliamkia sokoni. Vikadunda tena. Kengele ya kanisani ikapiga ya saa sita, Sakristani akavua kofia, midomo ikacheza. Nyuma yake kidogo adhana ikafuata, na Mzee Hassani hakwenda kutawadha, akabaki mlangoni, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Safina: Nimetuma. Imeondoka kengele ikianza kupiga.

Dulla: Ngoja sasa gari lipite.

Tuliingia wote, chumba kikajaa, wateja watatu wa Safina wakageuka kutuangalia. Safina akafungua ule ukurasa wa Dar. Tukaona habari za Mwanza, za Tanga, za mahali ambapo sijapata kufika. Hatukuona yetu. Akabonyeza tena, zikaja zilezile. Akabonyeza tena, na juu kabisa, juu ya Mwanza, yakatokea maandishi mapya. Alisoma kwa sauti, na sauti ilimkatika njiani, ikabidi Dulla amalizie: Makambako, viazi vyashuka bei, baridi yapanda, kijiwe chahama.

Mzee Hassani: Kijiwe ni sisi?

Safina: Ni nyie.

Mzee Hassani: Dar wanasoma kwamba tumehama?

Safina: Wanasoma sasa hivi, mzee.

Alifunika uso kwa kanga. Safari hii tulijua analia kwa sababu gani, na tuliona tutoke nje tumwache. Dulla alibaki kidogo. Nilimsikia akimwambia kwamba jioni atampigia kaka yake simu, amwambie atafute stoo nyingine ya vitunguu, na kwamba mashine ile haitagoma tena akiwa hai. Maneno makubwa kama kawaida yake, ila aliyasema akitazama chini.

Nje basi la Makete lilikuwa limeshafika na linapiga honi. Paskalina alimrudishia Gia Tano koti lake, akapanda, akakaa dirishani.

Paskalina: Hamkunijibu lile swali.

Sakristani: Tunalifanyia kazi, mama. Safari njema.

Basi likaondoka, nasi tukakaa kwenye benchi letu mahali pake papya, wazi pande zote. Upepo wa stesheni ulitupiga migongoni kama vile ulikuwa umetusubiri mwaka mzima. Kahawa ilikuwa imeisha. Mzee Hassani aligeuza birika, likatoa tone moja na vipande vya tangawizi. Meno ya Gia Tano yalikuwa yanagongana, lakini alikuwa anacheka, akirudia rudia kwamba tumewapita Mwanza. Ukutani tundu la Dulla lilikuwa wazi, linavuta ukungu bila kizuizi, na ndani vidole vya Safina havikuacha kudunda.

Dulla akatoka, akaketi mwishoni mwa benchi, akajikunja. Akaanza kutueleza jinsi anavyofikiria kuipandisha kidogo tena prosesa, sasa kwa kuwa hewa ni safi. Alikuwa anaeleza kwa mikono, kwa moyo wote, na sisi tulikuwa tunamsikiliza. Ndipo nikaona jiko limesogea. Likasogea tena, taratibu, kuelekea ukutani. Nikafuata mguu uliokuwa unalisukuma, kutoka kwenye kiatu mpaka kwenye goti, mpaka juu. Wenzangu nao walikuwa wameshauona. Tulikuwa tunamtazama tu Dulla akieleza.

Dirisha la Safina likafunguka.

Safina: Dulla.

Mguu ukarudi chini ya benchi.